Duka Lisilouza Majani

Ipo siku moja ambayo sijaisahau, mwanangu, ingawa baadhi ya walioiona wameshatangulia mbele ya haki. Ni siku niliyompiga kofi dada yangu Nimo, ambaye wewe leo unamwita mama, kwa sababu aligonga debe la mafuta ya taa na mafuta yakamwagikia kwenye gunia la sukari. Alikuwa na miaka saba. Najua hajawahi kukusimulia, maana yeye alinisamehe zamani. Mimi ndiye sijamaliza.

Umeniambia kwamba Ramadhani ikiisha unafungua duka mtaani kwenu, ukaniomba ushauri. Nadhani ulitaraji nikuelekeze mahali penye bei nzuri ya mchele. Hayo utayajua mwenyewe, tena utayajua kunishinda. Mimi nitakusimulia habari ya gunia lile la sukari, nawe ukipata muda uwasimulie vijana wenzako.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, hapa hapa Garissa, mtaa wa pembeni kabisa, upande ambao wakati huo vichaka vya mathenge, ile miti ya miiba, vilikuwa vingi kuliko nyumba. Duka lilikuwa la baba: mabati pande tatu, dirisha la mbao mbele, turubai juu na benchi moja chini yake. Baba alifariki kwa ajali ya lori akitoka kuchukua bidhaa. Mama alimfuata kabla mwaka haujaisha. Ilikuwa homa, tukadhani itapita. Nikabaki mimi, mwanafunzi wa darasa la saba niliyechelewa kuanza shule, pamoja na mdogo wangu Abdi, na Nimo.

Baada ya mazishi ya mama, wakubwa wa ukoo walikaa kwenye mkeka wakatugawa. Walitugawa kwa huruma, sitawasingizia. Abdi aende Buna kwa amu yetu, ndugu wa baba, aliyekuwa na ngamia. Nimo aende Rhamu kwa kaka yake mama, ambaye tulimwita Abti kama wewe unavyoniita mimi. Nami nirudi shuleni. Nilisimama nikiwa na miaka kumi na sita, nikasema shuleni sirudi, na hakuna mtoto atakayekwenda popote. Duka litatulisha.

Wazee walitazamana. Abti akaninyooshea kidole, wala si kwa hasira.

"Haya, Hassan. Lakini nitakuja mvua zikipita. Nikikuta mtoto hata mmoja amedhoofika, naondoka naye, na usinililie."

Mwanangu, maneno yale niliamka nayo kila siku. Kwa akili yangu ya wakati ule, mtoto aliyedhoofika ni mtoto mwenye njaa, basi nikaapa kwamba kwetu hapatakuwa na njaa. Asubuhi tulikula anjera, mkate wetu mwembamba, na chai ya rangi yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Mchana tambi, zile tunazoziita baasto, kwa mafuta na sukari juu yake. Jioni wali. Sikuwahi kuwalaza watoto wale na njaa. Mashavu ya Nimo yalijaa, na mimi kila nilipoyatazama nilijisemea, acha Abti aje.

Dukani nako niliuza nilichokula: mchele, baasto, unga mweupe, sukari, mafuta ya kupikia, biskuti, peremende, juisi ya unga ya kukoroga na maji. Vitu visivyooza. Niliviona kuwa ndivyo vitu vya heshima.

Sasa kulikuwa na mama mmoja wa mashamba ya kando ya Tana, tukimwita Mama Barisa. Kila asubuhi alipita mbele ya duka na mkokoteni wa punda, amepakia mchicha, kunde, sukuma wiki, nyanya, malenge na mapapai, anakwenda soko kubwa upande wa pili wa mji. Alikuwa mnene, mcheshi, na Kiswahili chake cha mtoni kilikuwa kama maji. Siku moja alimsimamisha punda.

"Hassan mwanangu, nipe hicho kivuli chako cha ubavuni. Wanawake wa huku wakifika sokoni jua limeshachoma kila kitu, na wengine hawafiki kabisa. Nikiuzia hapa watapata mboga mbichi."

"Mama, hapa ni duka," nikamjibu. "Zizi la mbuzi liko kule."

Vijana waliokaa kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akamwaga chai yake. Mama Barisa akavuta kamba ya punda.

"Haya, Mheshimiwa wa Sukari. Siku njema."

Wewe umezaliwa mjini na umekula sukuma tangu hujaota meno, kwa hiyo ni lazima nikueleze. Sisi tulikuwa watu wa mifugo. Majani yalikuwa chakula cha mnyama, na chakula chetu kilikuwa kile mnyama alichotupa baada ya kula majani. Mtu mzima kuonekana anatafuna mboga ilikuwa sawa na kutangaza kwamba mifugo yake imekwisha. Na yetu ilikuwa imekwisha kweli. Ukame ulishamaliza ng'ombe wa babu, ndiyo maana baba akawa muuza duka. Lakini kiburi hakikuwa kimekufa na ng'ombe. Mimi yatima, niliyekuwa nikitazamwa na mtaa mzima kama nitaweza au sitaweza, ningekubali vipi kuitwa muuza majani?

Basi ile siku ya gunia. Jua lilikuwa limezama lakini mwanga ulikuwepo. Niliweza kusoma maandishi kwenye pakiti za majani ya chai bila taa. Nilikuwa napima mafuta ya taa. Nikamwita Nimo aniletee faneli ya kumiminia. Aliingia amenyoosha mikono mbele kama mtu anayepita kwenye miiba, akagonga debe, debe likaanguka juu ya gunia lililokuwa wazi. Dakika hiyohiyo duka lote likanuka.

"Huoni?" nikafoka.

"Sioni, Aboowe," akanijibu. Aboowe ndivyo alivyoniita, yaani kaka.

Nilidhani ananijibu kwa ufidhuli. Nikampiga kofi.

Hakulia kwa sauti. Alitoka nje, akashika ukuta wa mabati, akaufuata kwa kiganja mpaka mwisho, na ukuta ulipokwisha akasimama pale pale.

Ng'ambo ya njia aliishi bibi mmoja mjane, Ayeeyo Shamsa. Ayeeyo ni bibi kwa Kisomali, na yeye alikuwa bibi wa kila mtu. Alikuwa ameishi porini na ngamia mpaka uzeeni, mjini alikuja kwa sababu ya magoti tu. Alikuwa ameona yote. Akavuka njia taratibu na bakora yake, akatoa tende kwenye pindo la nguo, akaishika mbele ya uso wa Nimo.

"Chukua, mama yangu."

Nimo alinyoosha mkono upande usio na tende. Ayeeyo akaisogeza tende kulia. Mkono wa Nimo ukapapasa kushoto. Akaisogeza karibu kabisa na pua ndipo mtoto akaipata, pengine kwa harufu. Ayeeyo akambusu kichwani, akamkalisha kwenye benchi, akaja dirishani kwangu.

"Warya, we kijana Hassan. Huyu ana muda gani hivi?"

Nikainamia gunia la sukari. Maana, mwanangu, nilikuwa najua. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeona kwamba magharibi ikikaribia Nimo hataki kutoka nje, na akitumwa anashika ukuta. Mchana aliona vizuri, akikimbia na wenzake. Nilijiambia ni uvivu, mara nikajiambia ni woga wa giza kwa kuwa amefiwa. Usiku mmoja nilishindwa kujidanganya, nikamwambia mtoto, "Usimwambie mtu yeyote." Hivyo ndivyo nilivyomlea.

"Ayeeyo," nikasema, "nakuomba isitoke hapa. Abti akisikia atamchukua."

"Unaficha macho ya mtoto ili wewe usiaibike?"

"Nampa chakula. Anashiba kila siku, wallahi."

"Nimeuliza kama anashiba? Sikiliza. Kule porini mtoto akiwa hivi jua likizama, hatukungoja kesho. Mnyama alichinjwa, mtoto akapewa ini. Na ilitokea nadra, miaka ya ukame tu, kwa sababu mtoto wa porini anaoga maziwa. Kwako maziwa yanaingia lini?"

"Tunakunywa chai."

"Ya rangi."

"Ya rangi," nikakubali.

"Kwa hiyo mlihama kutoka kwenye maziwa, mkafika mjini, mkaweka nini mahali pake?" Akatazama ndani ya duka langu, rafu hadi rafu, kama mtu anayekagua nyumba ya mkwe. "Biskuti. Hassan, mama yako alikuwa kama mwanangu, ndiyo maana nakwambia hivi. Unampiga mtoto kwa kutoona, na wewe ndiye unayemzima macho. Kesho alfajiri mpeleke kwa daktari. Usipompeleka, mimi mwenyewe nitatafuta mtu anayekwenda Rhamu nimpe ujumbe."

Sikulala vizuri. Kulipokucha nilifunga duka, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikampeleka Nimo zahanati. Nesi alikuwa mwanamke mpole wa kutoka upande wa Kitui. Alimtazama macho kwa tochi, akakata ncha ya kidonge laini kwa mkasi, akamkamulia mdomoni. Akaniuliza tulichokula nyumbani siku mbili, tatu zilizopita, nikaeleza, akaandika. Kisha akaweka kalamu.

"Umemleta kabla macho hayajaharibika. Shukuru Mungu. Kwa dawa hii ataanza kuona jioni baada ya siku chache. Lakini ukirudi kwenye chakula kilekile, naye atarudi kwenye giza lilelile, na safari nyingine huenda jicho lenyewe likapata kidonda. Anahitaji mboga za majani, papai, embe, malenge, maziwa, maini mkipata. Wewe unafanya kazi gani, kijana?"

"Nina duka."

"Liko wapi?"

Nikamweleza. Akauliza mtaani kwetu kuna maduka mangapi. Nikasema ni langu tu, mengine yako mbali. Akauliza ninauza nini. Nilianza kutaja kwa fahari, na nilipofika kwenye juisi ya unga sauti ilinipungua yenyewe.

"Basi," akasema, "si Nimo peke yake anayekula dukani kwako."

Angenitukana ingekuwa nafuu.

Jioni ile nilikaa dirishani na kutazama. Kabla ya magharibi ndipo watoto wengi hutumwa dukani, sukari ya chai, mafuta ya taa, kiberiti. Walikuja. Na mimi, niliyewahudumia miezi yote ile nikitazama mikono yao tu, siku hiyo nikatazama miguu. Watoto watatu walikuja wakishika ukuta wa mabati. Wa nne, Zeinab wa nyumba ya kisima, aliletwa kwa mkono na kaka yake mdogo kuliko yeye. Nikampimia sukari. Nikamzidishia, kana kwamba kumzidishia sukari ndiyo dawa.

Asubuhi yake nilikwenda mtoni kwa miguu. Nilimkuta Mama Barisa amepandisha nguo magotini, anafungulia maji ya mashine yaingie kwenye vitalu vya mchicha. Aliponiona alishika kiuno.

"Mheshimiwa! Umepotea njia? Sukari hailimwi huku."

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi nilikupa siku ileile. Nilisema, maskini, huyu hana mama wa kumfundisha kusema na watu. Haya, sema kilichokuleta."

Nikamweleza yote, hata kofi. Aliacha jembe akakaa kwenye ukingo wa kitalu. Nikamwambia kivuli cha ubavuni ni chake, na akitaka upande wa mbele pia ni wake.

"Kivuli nashukuru," akasema. "Lakini kivuli hakitoshi, mwanangu. Wale ni watu wako, mimi ni mama wa majani tu kwao. Ukiniweka pale kama mtu aliyemhurumia mgeni, mboga zangu zitaliwa na mbuzi kweli. Ukisema kwa mdomo wako, kwenye dirisha lako, kwamba hiki ni chakula na wewe unakila, watanunua. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Uongo mtupu, sikuweza. Wiki ya kwanza nilizificha mboga nyuma ya magunia, nikimwonyesha anayeuliza, na hakuna aliyeuliza. Zilinyauka kwa joto, nikazimwaga, na mbuzi wa mtaa wakajipanga nje kila adhuhuri kama wateja. Vijana wa benchi walikuwa na sherehe.

"Warya Hassan, hii duka imekuwa shamba? Mvua ikinyesha tupande nini?"

"Muache, anatafuta mke kwa watu wa mtoni."

Nimo wakati huo alikuwa ameanza kuona jioni. Nilikuwa nimempa, yeye na Abdi, maini kutoka bucha, na papai kila asubuhi, akilila huku maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Nafsi ikaniambia: wako amepona, acha. Lisha wako nyumbani, na dukani uza watu wanachotaka. Mwanangu, nafsi hiyo itakujia na wewe, nayo itazungumza kama mtu mwenye akili.

Aliyenizuia ni Ayeeyo. Siku ya Ijumaa baada ya sala alikuja na jiko lake, sufuria na kisu, akakaa mbele ya duka, akaniagiza kama mtumishi. Leta kitunguu. Leta nyanya. Leta yale majani ya Mama Barisa. Akayakata membamba sana, kama tumbaku. Akamenya malenge akayachemsha mpaka yakavurugika. Akakaanga nyama kidogo, akaviunga vyote na bizari ikawa suugo nzito, ule mchuzi wetu wa baasto, na harufu yake ikafika msikitini. Vijana wa benchi hawakungoja kuitwa. Akawapakulia baasto, akawamwagia suugo, wakala wakilamba vidole.

"Ayeeyo, hii ni nyama gani tamu hivi?"

"Nyama ni ya kuonjesha tu," akasema. "Mnakula majani."

Mikono yote ilisimama hewani. Kisha mmoja, yule yule aliyemwaga chai yake siku ya Mama Barisa, akatafuna polepole, akameza.

"Basi mimi ni mbuzi," akasema. "Niongeze."

Tulicheka wote, na nafikiri siku hiyo ndipo kisu kilipopita kwenye kamba iliyokuwa imenifunga. Wanawake walisogea, Ayeeyo akawaonyesha namna ya kukata. Hakuwaambia wale mboga. Aliwaambia watie kwenye suugo, na suugo walikuwa wanaijua tangu kwa mama zao.

Kesho yake niliondoa makopo ya biskuti kwenye dirisha la mbele nikayapeleka rafu ya nyuma. Mbele nikaweka kichanja cha fito nilichokifunika kwa gunia nililoliloweka maji asubuhi na mchana, na chini ya gunia mboga zilikaa mbichi mpaka alasiri. Sikuuza kwa matita makubwa. Nilifunga mafungu ya sufuria moja: majani, nyanya mbili, kitunguu, kipande cha malenge. Mtoto akija kununua baasto nilimuuliza, "Na cha kwenye suugo?" kama vile ningemuuliza kuhusu sukari, bila kushusha sauti. Papai nililikata vipande nikavifunika kwa chandarua dhidi ya nzi, na watoto waliokuja na shilingi ya peremende wengi waliishia kwenye papai. Baadaye wanawake wanaoleta maziwa ya ngamia kwa lori la alfajiri nao wakakubali kuniachia dumu moja kabla ya kwenda sokoni.

Sitakudanganya kwamba wote walinunua. Siku nyingine nilimwaga. Lakini kila wiki nilimwaga kidogo kuliko wiki iliyopita, na mbuzi wakaanza kukata tamaa.

Mvua zikapita. Na Abti akaja.

Alikuja jioni, wakati huohuo mbaya, jua limezama na taa hazijawashwa. Kumbe habari zilishamfikia. Watu wanasafiri, na maneno husafiri nao. Aliambiwa mtoto wa dada yake amepofuka na kaka yake anamficha. Alishuka kwenye gari barabara kuu, akatembea mpaka karibu na mathenge, mbali kidogo na duka, akasimama kimya. Alikuwa amekusudia. Alitaka kuona kwa macho yake kabla hajasalimia mtu. Begi alilolishika lilikuwa tupu. Nilijua baadaye kwamba ni la nguo za Nimo.

Mimi sikumwona. Nilikuwa nimeinama nafunga mafungu ya mwisho. Nimo alikuwa amekaa juu ya benchi, miguu ikining'inia.

"Aboowe," akasema, "kwa nini Abti amesimama kule?"

Nikainua kichwa. Niliona mtu tu, kivuli kirefu kati ya vichaka. Kabla sijatambua ni nani, Nimo alikuwa ameruka chini, akakimbia kuvuka ile njia yenye mashimo na kamba za punda, hakushika ukuta wowote, akapiga kelele akikimbia, "Abti, umepaka hina ndevu! Abti, ndevu zako ni nyekundu!"

Abti aliweka kiganja kwenye ndevu zake kama mtu aliyefumaniwa. Aliinama kumpokea, akakaa naye chini kwenye vumbi, mzee mzima wa ukoo, na hakuinuka upesi. Nilipofika alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kilemba akisema ni vumbi la Garissa.

Alikula kwetu. Nilimwekea baasto na suugo. Alikula sahani ya pili ndipo akauliza kilichomo, nikamwambia. Akatikisa kichwa muda mrefu.

"Rhamu nina shamba la vitunguu na ndizi kando ya mto Daua," akasema, "na wanangu wanakula wali mtupu kwa sababu mboga ni za kuuza." Akamtazama Nimo aliyelala na kichwa kwenye goti lake. "Huyu ni wako, Hassan. Mimi nilikuja kutembea tu."

Aliondoka baada ya siku mbili na begi lile halina nguo ya mtoto. Lilikuwa na mbegu za malenge kutoka kwa Mama Barisa.

Hadithi ningeimalizia hapo, mwanangu, ingekuwa tamu. Lakini kuna Zeinab wa nyumba ya kisima. Baba yake alichelewa kumpeleka kwa nesi, akisema ni jicho la husuda la watu. Nilikwenda kumsihi mara moja, akanifukuza, na mimi nikaona nimetimiza wajibu. Nilipaswa kwenda mara ya pili, tena na Ayeeyo. Alipopelekwa hatimaye, jicho la kulia lilipona, la kushoto likabaki na doa jeupe mpaka leo. Ni mama wa watoto wengi sasa, ana furaha yake, na tukikutana ananiita kaka. Hajui ninachokijua: kwamba sukari aliyokunywa badala ya maziwa niliipima mimi, kwa mkono huu, na nikamshukuru kwa kununua.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Utakapofungua duka lako, usidhani unauza tu kile watu wanachotaka. Mtaani, watu wengi hula kile kilicho karibu. Mama mwenye watoto watano na jua la Garissa kichwani hatavuka mji kutafuta mchicha. Atapika kilicho dirishani kwako. Kwa hiyo wewe, bila kuchaguliwa na mtu, ndiye unayepanga sufuria za nyumba hamsini. Kiweke mbele kile ambacho ungependa mwanao akione kwanza. Peremende ziweke nyuma, anayezitaka ataziulizia. Fungu liwe dogo la mfuko wa maskini. Usione haya kuoza kwa mboga siku za mwanzo, wala kuchekwa na vijana wa benchini. Wape wale kwanza, ndipo wacheke. Mheshimu anayelima, umwite mama au mzee, na ukikosa adabu kama mimi, nenda kwa miguu ukaombe radhi shambani kwake. Na watazame wanaonunua. Usitazame mikono tu.

La mwisho, si la dukani. Ukilea mtoto na ukaona ana kitu kinaharibika, usifiche kwa kuogopa watu. Mimi niliogopa kunyang'anywa dada, nikakaribia kumpoteza akiwa mikononi mwangu. Aliyeniokoa ni bibi mwenye ulimi mkali aliyevuka njia. Mtafute wako mapema, na akikukemea umshike mkono.

Sasa dua yako. Mwenyezi Mungu alifanye duka lako kuwa kivuli kwa mtaa wako. Akupe riziki ya halali na moyo usioridhika peke yake. Mboga zako zisinyauke kabla ya alasiri, wateja wako wafike wakiona njia, na watoto watakaokula kutoka mkononi mwako wakue hadi wawe wazee wenye macho mazima. Amlipe Ayeeyo Shamsa kwa kaburi lenye nuru. Na mama yako, ukirudi nyumbani, umsalimie. Mwambie Aboowe amesema yote, hata lile kofi.